Vichipukizi tele, mizizi hakuna: kisa cha migomba ya chupa Mwanza

Mwishoni mwa Septemba rafu tatu za maabara moja ndogo ya miche, upande wa Usagara nje kidogo ya jiji la Mwanza, zilikuwa zimejaa chupa za migomba, iliyokuzwa kutoka vipande vidogo vya tishu ya mmea, iliyokataa kutoa mizizi. Vichipukizi vilikuwepo, tena tele. Wenye miche yao, kikundi cha wakulima cha ng'ambo ya ghuba huko Sengerema, walikuwa wameshalipa nusu ya fedha, wamechimba mashimo na kutia samadi, wanasubiri mvua za vuli. Kwa ratiba waliyopewa, miche ilitakiwa iwe imetoka chupani tangu Agosti na kuhamia kitaluni, maana mgomba wa chupa unahitaji wiki kadhaa za kuzoea hewa ya nje kabla ya kwenda shambani.

Niliombwa nikaangalie kwa sababu nafundisha fiziolojia ya mimea. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwani kinaonyesha wazi jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita juu juu: tishu inapoamua iwe chipukizi au mzizi, haifuati midia ya leo, yaani chakula cha chupani chenye virutubisho na homoni, peke yake. Inabeba pia ya jana na ya juzi.

Nianze na nilichokiona. Katika chupa ya kawaida ya migomba iliyo tayari kwa mizizi, unakuta vichipukizi vitatu au vinne vimesimama, kila kimoja na majani mawili matatu, na chini mizizi myeupe imeanza kupenya agari, lile rojo gumu la midia. Chupa hizi hazikuwa hivyo. Vichipukizi vilikuwa vifupi, vimesongamana, majani membamba yamejikunja na mengine yanang'aa kama yamelowa maji. Chini ya kila fungu palikuwa na bonge lililovimba, jeupe lenye kijani, na juu ya bonge hilo vinundu vidogo vinavyotaka kuwa vichipukizi vingine. Mche ulikuwa bado unazaa wakati umepelekwa mahali pa kuota mizizi.

Maabara ilikuwa imeshatafuta mchawi. Kwanza walidhani oksini yao, homoni inayohimiza mizizi, ile IBA inayotumika kwenye midia ya mizizi, imeharibika, kwa sababu umeme ulikatika mara kwa mara na friji haikukaa baridi. Halafu wakashuku maji. Halafu taa. Mwishowe wakaongeza IBA maradufu, kutoka miligramu 1 kwa lita hadi 2, na mambo yakazidi kuwa mabaya: mabonge yakanenepa. Fundi mkuu, dada ambaye mikono yake naiheshimu sana kwa kazi ya kukata tishu, alinionyesha moja akisema, "Mwalimu, mimi nadhani hii kalasi ndiyo mizizi inaanza."

Hakuwa mbali sana na ukweli. Zamani tulifundishwa kwamba kalasi, yaani bonge kama lile, ni seli zilizorudi utotoni, zisizo na tabia yoyote. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliofanya kazi na mmea mdogo wa Arabidopsisi walionyesha kwamba kalasi, hata ile iliyotokana na sehemu za juu za mmea, inafanana kwa ndani na ncha ya mzizi wa pembeni unaoanza kuota. Kwa hiyo oksini kweli inaisukuma tishu kuelekea njia ya mzizi. Ila tishu ya aina hiyo ikikutana na saitokinini nyingi, homoni nyingine ya mmea, hugeuza njia na kutoa vichipukizi. Midia ile haikuwa na saitokinini hata chembe. Basi ilitoka wapi?

Jibu la kwanza tulilipata bila jaribio lolote. Pembeni mwa rafu ya katikati kulikuwa na chupa chache zilizoandikwa herufi tofauti. Zilikuwa za mgomba wa aina ile ile, Williams, zimewekwa kwenye midia ile ile ya mizizi, zimepikwa pamoja na zile nyingine kwenye otoklevu, chungu cha mvuke cha kuua vijidudu, zimekaa chini ya taa zile zile. Hizo zilikuwa na mizizi, na nyingine mizizi yake ilikuwa imezunguka kitako cha chupa. Nikamwuliza fundi zimetoka wapi. Akasema ni mabaki ya mstari wa zamani, yaani ukoo wa vichipukizi wa awali, yaliyosahaulika wakati wa kugawa kazi.

Hapo IBA, maji, taa na umeme vikaondoka kwenye orodha ya washukiwa kwa pamoja. Nasisitiza hili kwa yeyote anayeendesha maabara ya aina hii: kabla hujabadilisha midia, tafuta chupa iliyofanikiwa pale pale ndani ya nyumba, kisha uliza inatofautiana na zilizoshindwa kwa kitu gani. Hapa tofauti ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kwenye daftari.

Daftari lilionyesha kwamba oda ya Sengerema ilipoingia, maabara haikuwa na vichipukizi vya kutosha. Ili kuwahi, walipandisha BAP, ambayo ndiyo saitokinini inayotumika sana kuzalisha migomba, kutoka miligramu 4 kwa lita hadi 8. Mizunguko kadhaa mfululizo ya kukata na kuzalisha upya ilipita kwenye kiwango hicho. Vichipukizi viliongezeka sana na kila mtu alifurahi, kwa sababu idadi ya vichipukizi ndiyo namba pekee iliyokuwa ikijazwa kwenye ripoti ya wiki. Kisha mafungu yalitolewa kwenye midia hiyo kali na kupelekwa moja kwa moja kwenye midia ya mizizi. Mstari wa zamani haukupandishiwa dozi.

Sasa turudi kwenye sayansi yenyewe. Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller walichapisha kazi yao juu ya tishu za ndani ya shina la tumbaku. Walikuwa na oksini, na walikuwa na kinetini, saitokinini ya kwanza kutambuliwa, iliyopatikana mwaka 1955 kutoka kwenye DNA ya manii ya samaki aina ya heringi baada ya kupikwa kwa mvuke. Walibadilisha uwiano wa hivyo viwili. Kinetini ikiwa juu ukilinganisha na oksini, tishu ilitoa vichipukizi. Oksini ikiwa juu, ilitoa mizizi. Vikikaribiana, kalasi iliendelea kunenepa bila kuunda ogani. Miaka mitano baadaye Toshio Murashige na Skoog huyo huyo walitoa fomula ya chumvi na vitamini ambayo hadi leo tunaiita MS, na ndiyo iliyokuwa kwenye chupa hizi za Usagara, pamoja na sukari gramu 30 kwa lita.

Kanuni ya 1957 ni ya kweli, lakini namna inavyofundishwa inapotosha. Mwanafunzi huondoka darasani akidhani kwamba uwiano ni ule unaoandika kwenye karatasi ya midia. Uwiano unaohusika ni ule ulioko ndani ya seli, na seli zina historia. Ukihifadhi mafuta ya taa kwenye dumu kisha ukalichotea maji ziwani, maji hayo yatanuka mafuta hata kama ziwa ni safi.

Kuna kazi mbili ninazozirudia sana katika hoja hii. Ya kwanza ni ya Christianson na Warnick, ya mwaka 1983, waliotumia vipande vya majani ya Convolvulus arvensis, gugu litambaalo ambalo ni ndugu wa kiazi kitamu chetu. Walihamisha vipande kutoka midia moja kwenda nyingine kwa nyakati tofauti. Waligundua kwamba kipande hupita hatua: kwanza kinapata uwezo wa kuitikia homoni, kisha kinafika mahali ambapo kimeshaamua. Kikishaamua kutoa chipukizi, hata ukikiondoa kwenye midia ya vichipukizi, kitaendelea na safari yake. Mabonge tuliyoyaona Usagara, yenye vinundu visivyokoma, nayatafsiri kwa mwanga huo. Yalishaamua kabla hayajaiona IBA.

Kazi ya pili inaingia moja kwa moja kwenye BAP. Mwaka 1995 Werbrouck na wenzake huko Ubelgiji, wakishughulika na ua la Spathiphyllum, walionyesha kwamba mmea huigeuza BAP kwa kuifunga na sukari, na aina mojawapo ya kifungo hicho haivunjiki upesi. Inajikusanya kwenye kitako cha mche, mahali pale pale ambapo mizizi ingetakiwa kuota, na inazuia mizizi. Kwa hiyo ukiitoa tishu kwenye midia kali na kuitia kwenye midia isiyo na saitokinini, umeondoa iliyoko nje tu. Ya ndani umeibeba.

Wapo watakaouliza: mbona migomba inasifika kwa kutoa mizizi kirahisi chupani? Ni kweli. Ndiyo maana maabara nyingi huzoea kuruka hatua ya katikati, ya kupumzisha vichipukizi kwenye midia isiyo na saitokinini, na hazipati shida kwa kiwango cha kawaida. Lakini kiwango kikipanda sana, mgomba hubadilika kabisa. Huko Leuven, Ubelgiji, watafiti hutumia BAP nyingi mno kwa makusudi ili wapate mabonge ya vinundu yanayofanana na koliflawa, kwa kazi nyingine tofauti ya kuzalisha seli. Maabara hii haikufika huko, ila ilikuwa imeanza kuelekea.

Tukakubaliana kupima dhana hiyo kabla ya kugusa rafu zote. Chupa ziligawanywa. Kundi moja lilibaki kwenye midia ya mizizi kama lilivyo. La pili lilihamishiwa midia ya MS isiyo na homoni kabisa, kisha likarudishwa kwenye IBA ya miligramu 1. La tatu lilifanyiwa hivyo hivyo, ila midia isiyo na homoni ikaongezwa mkaa amilifu, ambao hunasa mabaki ya homoni na yale majimaji meusi yanayotoka kwenye kidonda cha mgomba. La nne lilipewa mkaa na pia kitako chake kikapunguzwa.

Kupunguza kitako ni kazi ya mikono, na hapa inafaa kueleza mgomba ulivyo. Kile tunachokiita shina la mgomba ni mikunjo ya majani iliyofungana. Shina la kweli ni tunguu lililo ardhini, na ncha ya ukuaji iko katikati, juu ya tunguu hilo, karibu na usawa wa ardhi, hadi siku inapopanda juu kutoa mkungu. Ndani ya chupa ni vile vile. Ncha iko milimita chache tu juu ya mahali ulipokata. Ukikata kidogo, unaacha kitako kilichovimba chenye mabaki ya BAP. Ukikata zaidi, umeondoa ncha na umebaki na majani yasiyo na mwenyewe. Nilimtazama fundi akifanya mbele ya kabati la hewa safi. Alilaza fungu kwenye sahani, akatenganisha vichipukizi kwa kibano, akamenya jani la nje lililoanza kuwa kahawia, kisha akapitisha kisu kwa mshazari hadi nyama ya kitako ikabadilika rangi kutoka kijani chafu kuwa nyeupe ya maziwa. Hapo alisimama. Hakuna kipimo cha rula kitakachokufundisha hilo; yeye alikuwa akifuata rangi.

Kundi la kwanza halikubadilika. La pili lilirefuka polepole na baadhi yake likatoa mizizi, tena kwa mkupuo usiolingana. La tatu lilifanya vizuri zaidi, majani yakapanuka na kuacha kujikunja. La nne ndilo lililotupa jibu tulilolitaka: vichipukizi vilinyooka, vinundu vipya vikakoma, na viliporudishwa kwenye IBA ile ile iliyokuwa imelaumiwa, mizizi ilichomoza upesi na karibu kwa wakati mmoja. Vichipukizi ambavyo havikurefuka hata baada ya kupumzishwa havikutoa mizizi katika kundi lolote. Nadhani urefu wenyewe ni dalili tu. Kichipukizi kinachorefuka ni kile ambacho saitokinini imeshapungua ndani yake.

Kufikia hapo mtu angesema tatizo limekwisha, tumeokoa rafu tatu. Mimi sikukubali, na tulibishana kwa muda mrefu.

Baadhi ya chupa hazikuwa na vichipukizi vya kutenganisha. Zilikuwa mabonge matupu yenye vinundu. Mama msimamizi wa maabara alitaka nayo yapumzishwe, yarefushwe na kuuzwa. Shida ni asili ya vinundu hivyo. Kichipukizi kinachotokana na jicho lililokuwepo kwapani mwa jani kina njia fupi: ncha ya ukuaji imezaliwa na ncha ya ukuaji. Kinundu kinachoota upya kwenye bonge kimetokana na seli zilizogawanyika ovyo chini ya dozi kubwa, na hapo ndipo mabadiliko ya kurithi hujipenyeza. Larkin na Scowcroft waliyapa mabadiliko ya namna hiyo jina mwaka 1981, na tangu hapo yameonekana katika mazao mengi. Kwenye migomba ya kundi la Cavendish, ambamo Williams imo, mabadiliko yanayojitokeza zaidi ni udumavu: mgomba mfupi, majani mapana yaliyobanana, mkungu usio na thamani sokoni. Ndiyo sababu wazalishaji waangalifu huweka kikomo cha mizunguko, mara nyingi minane hadi kumi, kisha huanza upya na machipukizi kutoka shambani.

Mkulima hauoni udumavu huo siku anaponunua. Ataugundua baada ya kulima, kupalilia na kumwagilia kwa miezi. Hiyo ndiyo sababu nilishikilia kwamba mabonge yatupwe yote, hata kama kila bonge lingeweza kutoa miche mingi. Mama msimamizi alihesabu hasara yake mbele yangu, na ilikuwa hasara ya kweli. Maabara hizi hazina ruzuku ya kuwabeba. Siku ya pili yake mabonge yalipikwa kwenye otoklevu na kumwagwa. Uamuzi ule ulikuwa wake, na nampongeza kwa dhati.

Kikao na kikundi kilifanyika maabarani. Mwenyekiti wao, mzee mwenye sauti ya chini, alipewa chupa mbili, moja yenye mizizi na moja yenye bonge, akazigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akasema, "Mama, sisi hatukatai kusubiri. Tunachokataa ni kuambiwa kila wiki kwamba bado kidogo." Alikuwa na haki. Tangu Agosti walikuwa wakipigiwa simu za matumaini wakati maabara yenyewe haijui kinachoendelea. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko la dozi, kwa sababu kikundi kingeweza kupanda mahindi au maharage msimu ule na kuacha mashimo ya migomba hadi masika. Walikubaliana sehemu ya malipo irudishwe, na miche iliyosalia ipelekwe kwa awamu kabla ya mvua za Machi.

Mwanakikundi mmoja aliuliza swali ambalo nalisikia sana Kanda ya Ziwa: kama chupa zina matatizo haya, si heri warudi kwenye machipukizi ya shambani? Nilimjibu kwa mfano wa majirani. Mkoa wa Kagera ulipokea mahuluti ya migomba ya FHIA, taasisi ya utafiti ya Honduras, yakiwa miche ya chupa mwishoni mwa miaka ya 1990, na miaka michache baadaye mnyauko wa bakteria ulipoingia huko, watu walijionea jinsi chipukizi la kung'oa kwa jirani linavyohamisha ugonjwa kutoka shamba hadi shamba. Mche wa chupa uliozalishwa vizuri huondoa fukusi, minyoo fundo na vimelea vya udongoni. Kwa virusi hauna kinga ya moja kwa moja. Mmea mama lazima upimwe. Kwa hiyo swali la kuuliza muuzaji ni kama mama amepimwa, mizunguko ni mingapi, na dozi ilikuwa kiasi gani.

Miche ya kundi la nne ilitoka chupani Novemba. Sehemu hii naipita haraka kwa kuwa haikuwa na jipya: mizizi ilioshwa agari yote ili fangasi wasipate sukari, ikapandwa kwenye mchanga na udongo wa msituni uliochemshwa, ikafunikwa na plastiki ndani ya kibanda cha kivuli. Majani ya chupani yana nta kidogo na vitundu vyake vya kupumulia havifungi sawasawa, hivyo jua la Mwanza hulikausha jani kabla mizizi haijashika. Plastiki ilifunuliwa kidogo kidogo. Iliyokufa ilikuwa michache.

Maabara sasa imerudisha BAP kwenye miligramu 4, na hakuna fungu linalokwenda kwenye IBA bila kupita kwenye midia ya mkaa. Lebo ya kila chupa ina namba ya mzunguko na dozi ya homoni ya chupa mbili zilizotangulia, na ripoti ya wiki ina safu ya pili ya miche iliyotoa mizizi. Niliwashauri pia wajaribu meta-topolini, saitokinini ambayo kundi lile lile la Werbrouck liliipendekeza badala ya BAP kwa kuwa vifungo vyake huvunjika kwa urahisi zaidi ndani ya mmea, na ambayo imeshajaribiwa kwenye migomba. Bei yake ni kubwa kuliko ya BAP, kwa hiyo wameagiza kidogo, ya kutosha mstari mmoja, wailinganishe na BAP kwenye mgomba huo huo wa Williams kabla ya oda ya masika yanayofuata.